Elimu ya Amali Haikuanzia Darasani

Mwanzoni mwa mwaka 2025, hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Mengi yamesemwa juu ya sera hiyo: elimu ya lazima ya miaka 10, shule ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba, na sekondari yenye mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Neno lililoshika midomo ya watu ni hilo la mwisho. Kwenye redio, kwenye vikao vya wazazi na hata kwenye mahubiri, "amali" linatamkwa kana kwamba limeshuka jana kutoka mbinguni. Kwa wengi lina maana ya uchomeleaji, ushonaji, useremala, umeme wa majumbani. Ni mambo mema. Ila sisi tunaosoma falsafa tuna tabia ya kuligeuzageuza neno kabla ya kulitumia, na hili tulipoligeuza tulikuta maana yake ya asili ni kazi, au tendo. Ndiyo maana katika lugha ya dini husemwa amali njema kwa matendo mema ya mja. Elimu ya amali, basi, ni elimu inayopatikana kwa kutenda. Na kama ndivyo, nyanda hizi za kati zilikuwa nayo kabla Mjerumani hajatandaza reli.

Hatuandiki ili kuililia jadi. Wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi, hasa walioko mjini. Tunachotaka kusema ni kwamba kilichoipa elimu ya wazee wetu nguvu hakikuwa ngoma, wala vazi, wala miiko. Mtoto alikabidhiwa jambo la kweli, jambo ambalo watu wengine walilitegemea, kisha akadaiwa hesabu yake. Shule ya leo ina vitabu, ina maabara, walimu wamepewa hata vishikwambi, lakini hicho kimoja mara nyingi haina.

Tumwangalie mtoto wa Kigogo wa zamani, ambaye katika vijiji vingi vya Bahi na Chamwino bado ni mtoto wa leo. Akiwa na miaka mitano au sita hapewi ng'ombe. Anapewa ndama na wana-mbuzi, tena karibu na nyumba, mahali ambapo mama akiinua kichwa anamwona. Akikua kidogo anapewa mbuzi na kondoo. Ng'ombe huja baadaye, na hapo huenda na kaka zake wakubwa, kwa sababu ng'ombe kwa Mgogo ni jambo zito. Mtaalamu Peter Rigby, katika kitabu alichochapisha mwaka 1969 juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo, alionyesha jinsi mifugo inavyowaunganisha watu wa ukoo, wakwe na majirani kwa mahari, kwa kukopeshana na kwa kutunziana. Mtoto anayechunga kundi hilo anachunga pia uhusiano wa baba yake na shemeji wa baba yake. Akimpoteza ndama mmoja, huenda amempoteza ndama wa mtu wa kijiji cha pili.

Hakuna mtaala ulioandikwa hapo, lakini ngazi zipo, na hakuna anayeruka ngazi. Mtihani nao ni wa kila jioni. Mifugo inahesabiwa ikiingia zizini. Mbuzi yupo au hayupo; hakuna herufi nne za kuchagua. Asipokuwepo, hafeli mtoto peke yake, kwa maana nyumba nzima inatoka kumtafuta kabla fisi hajamtangulia. Na katika kuepuka aibu hiyo mtoto amejifunza mengi: nyasi zipi zinanenepesha na mmea upi unaua, nyayo za jana zinatofautianaje na za leo, wapi ukichimba mchanga wa korongo kavu utapata maji ya kunywa mwezi wa Oktoba.

Dada yake wakati huo yuko kwenye jiwe la kusagia, au kisimani, mdogo wake akiwa mgongoni. Tuseme ukweli, kazi ya dada ilikuwa nzito kuliko ya kaka na sifa yake ilikuwa ndogo. Tutarudi kwa huyu dada baadaye, kwa sababu bila yeye habari hii haijakamilika.

Jioni kulikuwa na hadithi na vitendawili. Kulikuwa pia na muziki, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana ni eneo ambalo Ugogo inajulikana duniani. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Binti mdogo hafundishwi kwanza nadharia ya mapigo. Anakaa kando na ndoo au dumu, anafuata mkono wa mama yake, anakosea, anasikia mwenyewe kwamba amekosea, anarudia. Siku akipewa ngoma yenyewe tayari yumo ndani ya wimbo. Mhispania Polo Vallejo, mtaalamu wa muziki, ametumia miaka mingi kuuchunguza uimbaji wa Wagogo, ukiwemo wa watoto, kwa sababu sauti zao nyingi hupishana na kukutana bila karatasi ya nota. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doguli na kufariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo kwenye majukwaa ya Ulaya akiwa na ilimba na zeze. Msingi wa muziki huo ulijengwa katika nyua za kawaida, na watu waliokuwa na kazi nyingine za kufanya kesho yake asubuhi.

Tulipofika kitabu cha pili cha Maadili cha Aristotle, pale anaposema kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba mtu huwa mwadilifu kwa njia hiyohiyo, jambo hilo halikuwa geni kwetu. Wengine wetu tulikuwa tumelisikia kwa bibi zetu kwa lugha nyingine.

Sasa tuingie darasani. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nia yake ni njema na sisi tunaiunga mkono. Hata hivyo tunajiuliza maadili yatapimwaje. Kama yatapimwa kwa karatasi, mwanafunzi anaweza kupata alama A katika maadili baada ya kunakili majibu ya mwenzake katika mtihani huohuo wa maadili. Tatizo haliko kwenye somo hilo peke yake. Karibu kila jibu ambalo mwanafunzi wetu anatoa, liwe sahihi au la, linaishia kwenye karatasi. Jibu sahihi halimlishi mtu na kosa halimpotezei mtu mbuzi. Kazi ya jibu ni kumpanga yeye mwenyewe: nani aendelee, nani abaki. Miaka kumi na zaidi kijana anafanya mambo ambayo hayamhusu mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye, kisha siku ya mahafali mgeni rasmi anamwambia akaitumikie jamii. Ataitumikia vipi, ikiwa hajawahi kukabidhiwa hata ndama wa jamii hiyo?

Kwamba elimu ya namna hiyo ina gharama, hatuna haja ya kwenda mbali. Mashariki ya Dodoma, chini ya kilomita 100, ipo Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza huko mradi mkubwa wa kulima karanga. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Wataalamu waliotumwa kuchunguza ardhi walitumia wiki zipatazo tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka kwenye ndege. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu haikung'oka kirahisi. Mvua hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye mpango. Udongo wa Kongwa ukikauka hukaza kama saruji, na karanga, ambayo inazaa chini, ikabaki humo humo. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umeteketeza kiasi cha pauni milioni 36.

Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na shahada, na bila shaka walifaulu mitihani yao vizuri. Lakini habari ya udongo ule na mvua ile ilikuwa mikononi mwa kila mtu mzima wa Kongwa mwenye jembe. Nchi hii hupata mvua kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na watu wake waliishi nayo kwa uwele na mtama, kwa kutawanya mashamba na mifugo, kwa sababu walikuwa na kumbukumbu. Njaa ya Mtunya, iliyowapiga Wagogo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia baada ya Wajerumani na Waingereza kuchukua chakula chao, ng'ombe wao na vijana wao kwa upagazi, ilikuwa bado inasimuliwa majumbani na watu walioiona kwa macho yao. Mkulima wa Kongwa akikosea hesabu ya mvua, anakula kosa lake. Mtaalamu wa London akikosea, anaandika ripoti. Hiyo ndiyo tofauti tunayoisema, na inatutia hofu kwa sababu shule zetu zinaendelea kutoa watu wa aina ya pili, safari hii wakiwa Wagogo, Warangi na Wakaguru wenyewe.

Yupo atakayesema: haya si mapya, Mwalimu alishayasema. Ni kweli. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha katika shule za Kanisa, St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Humo alieleza kwamba Afrika kabla ya ukoloni haikuwa na majengo ya shule lakini ilikuwa na elimu, na kwamba watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Alilalamika kwamba shule ya kikoloni ilimfundisha kijana kudharau ujuzi wa wazazi wake wasiosoma. Akataka kila shule iwe na shamba na iishi kama jamii inayojitegemea.

Basi shamba likaja. Nini kililipata? Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anajua jibu, na hatuhitaji kuitaja shule yoyote. Shamba likawa adhabu. Aliyechelewa namba alilima, aliyepiga kelele alilima, aliyeongea Kiswahili siku ya Kiingereza naye alilima. Mavuno yalikwenda mahali ambapo mtoto hakuoneshwa. Jembe, ambalo kwa baba yake lilikuwa heshima, shuleni likawa fimbo ndefu. Wengi wamehitimisha kutokana na hayo kwamba wazo lenyewe lilikuwa bovu. Sisi tunasoma tofauti. Kazi ilirudi shuleni, lakini hesabu haikurudi. Mtoto wa zizini alijua idadi ya mbuzi, alijua maziwa yanakwenda wapi, na alijua nani atalala njaa akizembea. Mtoto wa shamba la shule hakujua lolote kati ya hayo. Alitoa jasho kama kibarua, na kibarua hajifunzi kumiliki wala kuwajibika; anajifunza kusubiri kengele.

Ngonjera zina habari inayofanana. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki mwenzetu, ndiye aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Huyohuyo alizisambaza ngonjera katika shule zetu, watoto wakijifunza kwa kujibizana kwa mashairi, mmoja akipinga, mwingine akitetea, hadi hoja ikamilike. Ilikuwa njia ya kufundisha kufikiri mbele ya watu. Leo ngonjera imebaki ya kumsifu mgeni rasmi, ikiwa katikati ya risala na soda. Ngoma nayo hivyohivyo. Shule zetu hazijaikataa jadi, zimeiweka kwenye ratiba ya sherehe, kati ya saa nne na saa nne na robo.

Turudi sasa kwa yule dada, kwa sababu tusipomtaja yeye tutakuwa tumewadanganya wasomaji wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliikuta Dodoma ikiwa ya pili nchini, baada ya Manyara, kwa ukeketaji: wanawake 47 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya jadi. Ilikuwa na walimu wake, na nyimbo zake, na wahitimu wake. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilipoharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, zikaanza kusikika habari za kuwafanyia watoto wachanga kwa siri. Na katika mikoa yetu hii, Dodoma na Singida, sababu iliyotolewa mara nyingi ilikuwa lawalawa, maradhi ya sehemu za siri ambayo wazee waliamini dawa yake ni kukata.

Hapo ndipo falsafa inapokuwa na kazi. Mbuzi walihesabiwa kila jioni; lawalawa haikuhesabiwa kamwe. Hakuna aliyeketi akalinganisha waliokatwa na wasiokatwa, kwa sababu kuuliza lenyewe lilikuwa kosa. Elimu ya wazee wetu ilikuwa imara pale ambapo kitu chenyewe kilijibu: mvua ilinyesha au haikunyesha, mbegu iliota au haikuota. Ilikuwa dhaifu, na mara nyingine katili, pale ambapo jibu pekee lilikuwa neno la mkubwa. Msichana aliyefundwa kuvumilia na kunyamaza hakuwa na zizi la kuhesabia uongo aliokuwa akiambiwa. Shule ilimletea kitu ambacho uani hakikuwepo, yaani ruhusa ya kuuliza kwa nini. Hiyo ni zawadi kubwa, na asitokee mtu wa kuturudisha nyuma kwa jina la utamaduni. Tunachosikitika ni kwamba darasa nalo, lenye wanafunzi 100 na mwalimu mmoja aliyechoka, mara nyingi linamtaka mtoto akariri na anyamaze. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kukosa vyote viwili: hana mbuzi wa kumkosoa na hana ruhusa ya kumkosoa mwalimu.

Je, vinaweza kukaa pamoja, ujuzi wa wazee na ruhusa ya kuuliza? Hapahapa kwetu upo mfano. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likieneza katika vijiji vya Dodoma njia iitwayo Kisiki Hai. Mkulima hapandi mti. Anatafuta kisiki shambani mwake ambacho bado kinachipua, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogolea mengine, anafunga kitambaa kuwa alama, kisha analinda. Mizizi iko chini tayari, mingine ina umri mkubwa kuliko mwenye shamba, nayo inajua maji yako wapi. Njia hii ilipata umaarufu kutokana na Niger, ambako mmisionari Mwaustralia, Tony Rinaudo, alikuwa akipanda miche na mingi ikimfia, hadi mwaka 1983 alipotambua kwamba vile vichaka alivyokuwa akivipita kila siku ni miti iliyokatwa ambayo bado ina uhai chini.

Kwa mkulima wa Mpwapwa si habari kwamba kisiki huchipua. Alikuwa akikikwatua kila msimu akijua kitarudi. Ilikuwa habari kwamba ametokea mtu wa kumwambia anachokijua kina thamani, na kumwonesha sababu. Wakulima walioelewa wakawafundisha wenzao, shambani, mbele ya kisiki chenyewe, na baada ya misimu miwili mitatu shamba likatoa ushahidi. Hapo kuna mzee, kuna swali, na kuna kitu chenyewe kinachojibu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika maswali yake juu ya ukweli, anamlinganisha mwalimu na tabibu. Tabibu haumbi afya. Anayasaidia maumbile, ambayo ndiyo yanayoponya. Vivyo hivyo mwalimu hamwagi elimu ndani ya mwanafunzi kama maji ndani ya mtungi, bali husaidia akili ambayo tayari ina mwanga wake. Tukisoma sehemu hiyo tukiwa Dodoma, ni vigumu kutofikiria kisiki. Wizara inaweza kuleta miche ya amali kutoka kokote. Tunauliza tu kama kuna aliyekwenda kutazama mizizi.

Huenda msomaji akatuuliza: na ninyi huko seminarini? Swali ni halali. Tungesema kwamba seminari, pamoja na mapungufu yake, ni moja ya shule chache za kisasa zilizobaki na umbo la zamani, labda bila kukusudia. Wengi wetu tuliingia bweni tukiwa na miaka 13 au 14. Tunaishi pamoja, na kila mmoja ana jukumu: huyu sakristia, yule maktaba, wengine bustani, wengine mabanda. Nguruwe hawajui kwamba kesho una mtihani wa metafizikia, na usipowalisha watakutangaza kwa sauti jumuiya nzima isikie. Mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa na Vatikano Desemba 2016 unataka tupimwe katika mambo manne: utu, roho, akili na uchungaji. Akili ni moja tu kati ya hayo. Mwenye alama za juu kabisa anaweza kuambiwa arudi nyumbani, na hilo hutokea. Tena kabla ya daraja takatifu jina linatangazwa parokiani, na katika ibada yenyewe askofu anauliza kama hawa wanastahili, na jibu analopewa linatokana na kuwauliza watu wa Mungu. Bibi wa jumuiya ndogondogo, asiyejua kusoma, ana neno katika kuhitimu kwetu. Ni shule gani nyingine nchini inayomuuliza bibi?

Hilo ndilo tungependa shule za parokia zetu zilijaribu, maana kwa mengi yake hazihitaji kusubiri waraka. Kila darasa likabidhiwe kitu chenye uhai na chenye hesabu: mbuzi watano, kitalu, visiki 20 vya uwanja wa shule, kuku. Hesabu iandikwe na watoto wenyewe, wanaokula maziwa wajulikane, na kwenye kikao cha wazazi asisimame mwalimu mkuu kuisoma bali watoto wasimame, waulizwe maswali na wajibu. Kilichokufa kisemwe kimekufa kwa sababu gani. Kazi hiyo isitumike kamwe kuwa adhabu. Siku itakapotumika hivyo, ifutwe. Na kwa atakayehofu kwamba huu ni utumikishaji wa watoto, kipimo chetu ni hiki: mavuno ni ya nani, na mtoto anajua nini leo ambacho jana hakukijua? Mwalimu asiyeweza kujibu maswali hayo mawili aliweke jembe chini.

Lipo pia suala la lugha. Mzee anayejua majina ya miti anayajua kwa Kigogo, au Kirangi, au Kisandawe kule Chemba. Mjukuu wake anasoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza anasoma kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo tatu jina la mti hupotea, na likipotea jina, na matumizi yake hayakawii kupotea. Hatuna suluhisho kubwa. Kuwaachia watoto waandike majina hayo kwenye daftari, kila mmoja kutoka kwa bibi yake, kungetosha kuanza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulisema wazazi ndio walezi wa kwanza, na shule ni msaidizi wao. Baba Mtakatifu Francisko naye, alipotangaza mkataba wa kimataifa wa elimu Septemba 2019, alikumbusha msemo wa Kiafrika kwamba kumlea mtoto kunahitaji kijiji kizima. Msemo huo unapendwa sana ughaibuni. Kwetu tuliozea kusema mkono mmoja haulei mwana, na tunadhani ni bora kidogo, kwa sababu kijiji kinaweza kusimama kikatazama tu, lakini mkono ni lazima ushike kitu.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hatujui kitavukwaje. Mkuu wa shule akitaka kumwalika mama wa Chamwino aje afundishe kukausha na kuhifadhi mlenda, au mzee wa Kondoa aje aeleze jinsi ya kumzalisha ng'ombe aliyekwama, ataulizwa: ana sifa gani? Ana cheti? Hana. VETA kwa miaka kadhaa sasa ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunza kazi mtaani, mwashi, seremala, mtu wa gereji, bila kupita chuoni. Ni utaratibu mzuri, wa haki, nao unakiri kwamba mtu anaweza kujua bila kufundishwa darasani. Upanuliwe basi uwafikie wazee hawa wangali hai, walipwe kama walimu wengine wanavyolipwa. Ila siku ya kumpima yule mama wa mlenda, mtahini atatoka wapi?